Waya wa rivasi uwe tarishi, usiwe hamali

"Fundi, hongera kwa kazi. Nina pikapu ya milango minne, nimeiinua kidogo na kuifunga matairi makubwa kwa ajili ya njia za porini. Shida yangu ni kurudi nyuma usiku. Taa za rivasi ni kama mishumaa, kioo cha nyuma kina tinti, na kamera inaonyesha giza lenye chenga. Juzi nilikutana na gari kwenye njia nyembamba ya mlimani, ikanibidi nirudi karibu mita 100, na gurudumu la nyuma nusura liingie korongoni. Nimeshanunua taa mbili za LED za mraba, kila moja imeandikwa wati 36. Rafiki mmoja anasema niziunge tu kwenye waya wa taa ya rivasi iliyopo. Mwingine anasema zitaunguza kompyuta ya gari, bora nibadilishe balbu niweke za LED kali. Natamani pia ziwake hata bila gia ya rivasi, nikiwa nafunga mizigo au napiga kambi. Nifanye lipi bila kuunguza gari wala kugombana na askari wa barabarani?"

Pole kwa mshtuko huo, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla hujakata waya wowote. Ndani ya swali lako kuna maswali matatu: kwa nini huoni, umeme wa taa mpya utoke wapi, na mwanga wake umwangukie nani. Rafiki zako wote wawili wamejibu la pili tu, tena kila mmoja nusu nusu. Mimi naanza na la kwanza, maana nimeona watu wakifunga taa nne nyuma ya gari na bado wakagonga kisiki.

Taa za rivasi za kiwandani hazikutengenezwa kwa ajili ya njia yako. Kazi yake ni kumjulisha aliye nyuma kwamba gari linarudi, kisha kumulika mita chache za maegesho. Balbu ya kawaida ya wati 21 hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 460 hivi ikipata volti 13.5. Magari mengine hutumia ya wati 16, ambayo ni hafifu zaidi. Na mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: jiwe lililo mita 8 nyuma yako linapata robo tu ya mwanga unaolifikia jiwe lililo mita 4. Kwa hiyo ulipokuwa unarudi kule mlimani hukuwa na taa mbovu lazima. Ulikuwa na taa za maegesho kwenye kazi isiyo yake.

Hata hivyo, kabla hujaongeza mwanga mpya, hakikisha unapata wote uliopewa. Hapa ndipo wengi huruka hatua. Balbu ya uzi haipunguzi mwanga sawasawa na volti. Mwanga hushuka kwa kasi zaidi. Balbu iliyokusudiwa volti 13.5 ikipata 12, upungufu wa asilimia 11 tu, hupoteza karibu theluthi moja ya mwanga wake. Kwenye gari linalopita matope na mito, kupoteza volti moja na nusu njiani ni jambo la kawaida kabisa: soketi imeota kutu ya kijani, boliti ya ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia chuma cha gari) imelegea, bodi ya mizigo imefungwa kwenye chesisi kwa boliti zilizojaa rangi na udongo.

Kupima ni rahisi. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa, breki ya mkono imevutwa. Injini izimwe ila swichi iwe imewashwa, tia rivasi ili taa ziwake. Pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye miguu ya balbu ikiwa bado imewaka. Balbu ikitolewa kwenye soketi kipimo hakikuambii kitu, kwa sababu hakuna umeme unaotembea, na waya mbovu usiobeba mzigo huonyesha volti nzuri. Ukiona tofauti kubwa, gusa mguu wa ethi wa balbu kwa ncha moja ya mita na hasi ya betri kwa ncha nyingine. Ikizidi nusu volti, ugonjwa uko upande wa ethi: fungua, kwangua hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi. Angalia na vioo vya taa zenyewe. Plastiki iliyopauka au yenye vumbi ndani hula mwanga kimya kimya. Kazi hii ni ya asubuhi moja, na wapo walionirudishia taa walizonunua baada ya kuifanya.

Sasa tinti. Kioo kinachopitisha asilimia 20 ya mwanga kinakupa sehemu moja kati ya tano ya kile ambacho taa inarudisha machoni pako. Ili kuifidia kwa taa peke yake ungehitaji mwanga mara tano, na huo mwanga mara tano mtu aliye nje anaupokea wote usoni bila tinti. Kwa hiyo tafadhali usikitegemee kioo cha nyuma usiku. Teremsha vioo vya milango ya mbele, tumia vioo vya pembeni, na pale penye korongo mshushe mtu asimame upande wa dereva akuelekeze. Mwelekezi mmoja mwenye tochi anazidi taa yoyote nitakayoieleza hapa, na nasema hivyo nikiwa mtu ninayezipenda sana taa.

Tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo gari linapoungua.

Taa zako mbili ni wati 72. Gawanya kwa volti 13.5 unapata ampea 5.3. Balbu zako za asili, kama ni mbili za wati 21, zinavuta ampea 3.1. Ukiunga zote kwenye waya mmoja kama rafiki yako wa kwanza anavyoshauri, jumla ni ampea 8.4. Utamsikia akisema: "Fyuzi ni ya 10, kuna shida gani?" Shida zipo. Kwanza, fyuzi ya rivasi kwenye magari mengi haihudumii rivasi peke yake, huenda inalisha na kamera, sensa za maegesho au kitu kingine. Pili, fyuzi ya 10 haikusudiwi kubebeshwa 10 mfululizo; mafundi waangalifu huishia kwenye 8. Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi, umeme huo wote unapita kwenye swichi ndogo iliyoko kwenye giaboksi, ambayo vidole vyake vya ndani vilipimwa kwa ajili ya balbu zile mbili. Ukivizidishia vinaungua kidogo kidogo, hadi siku moja unatia rivasi na hakuna taa hata moja, ya asili wala ya kuongeza. Kwenye gari la gia za otomatiki swichi hiyo mara nyingi ni sehemu ya kifaa kinachoiambia kompyuta gia iko wapi, kwa hiyo uharibifu wake hauishii kwenye taa.

Fyuzi ikikatika watu huweka kubwa zaidi. Niliwahi kuletewa pikapu iliyofanyiwa hivyo: taa zimeungwa kwa kusokota waya na kufunga utepe, fyuzi ya 10 imekatika mara mbili, mtu akaweka ya 30. Fyuzi haikukatika tena. Badala yake waya ndio uligeuka fyuzi, ukayeyuka pamoja na majirani zake ndani ya wayaringi, kuanzia kwenye kizingiti cha mlango hadi nyuma. Gari halikuwaka moto, lakini tulifungua zulia lote na kubadilisha nyaya ambazo hazikuwa na kosa lolote. Fyuzi hulinda waya. Haijali taa ni ya namna gani. Ukubwa wake hupangwa na unene wa waya unaoufuata, na mtu yeyote anayekushauri kuipandisha bila kubadilisha waya hajui anachokushauri.

Njia sahihi ni rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa. Fikiria ofisi yenye tarishi na hamali. Tarishi anabeba ujumbe, hamali anabeba gunia. Waya wa rivasi wa kiwandani uwe tarishi tu: upeleke habari kwamba gia imeingia. Gunia, yaani ampea 5.3, libebwe na waya mnene uliotoka moja kwa moja kwenye betri. Ndani ya rilei kuna koili ambayo kwa kawaida ina ohmu 85 hivi, kwa hiyo huvuta ampea 0.16 tu. Huo ndio mzigo mpya utakaouongeza kwenye wayaringi ya asili, pungufu zaidi ya mara 30 ya ule wa kuunga taa moja kwa moja.

Miguu ya rilei ina namba, na namba hizo ni zile zile karibu kila mahali. 30 inapokea umeme wa betri kupitia fyuzi. 87 inaupeleka kwenye taa. 86 inapokea ujumbe wa rivasi, na 85 inaenda ethi. Ukikuta mguu wa tano umeandikwa 87a, uache wazi na uufunike. Wenyewe huwa na umeme pale rilei inapokuwa imelala, kwa hiyo ukikosea ukaunga taa hapo zitawaka muda wote isipokuwa unaporudi nyuma. Nunua rilei yenye diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) au kipingamizi ndani. Koili inapozimwa hutema mshindo mfupi wa volti nyingi kurudi kwenye waya ulioiwasha, na kama waya huo unatoka kwenye kompyuta ya bodi, ile inayoongoza taa za gari, mshindo huo ndio unaoweza kuidhuru kweli. Rafiki yako wa pili ana sababu ya kuogopa, ila ameogopa kitu tofauti. Ukitumia yenye diodi, hakikisha 86 ndiyo chanya, vinginevyo diodi itafunga njia na kukukatia fyuzi.

Waya wa gunia uwe wa milimita 2.5 za mraba. Betri ikiwa mbele na taa nyuma, una mita 6 hivi. Waya wa milimita 1 kwa urefu huo utakula karibu volti 0.56 ukibeba ampea 5.3; wa 2.5 utakula 0.22. Nikuambie ukweli, taa nyingi za LED zina saketi ndani inayosawazisha umeme, kwa hiyo tofauti hiyo huenda usiione kwa macho. Ninachokulipisha kwenye waya mnene ni ubaridi, uimara pale unapokwaruzwa, na nafasi ya kubadilisha taa baadaye bila kuvuta waya upya. Fyuzi ya 10 ikae karibu na betri iwezekanavyo, sentimita 20 ni vizuri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Ethi za taa nazo zivutiwe waya wa unene huo huo hadi kwenye chuma kilichokwanguliwa cha chesisi. Usiziache zitegemee boliti ya bampa.

Kuhusu wati 36 zilizoandikwa kwenye boksi, ziamini nusu. Watengenezaji wengi hujumlisha uwezo wa kila chipu, chipu 12 za wati 3, wakati taa yenyewe inavuta pungufu. Ukiwa na mita ya ampea ipime kabla ya kuifunga. Mahesabu ya waya na fyuzi, hata hivyo, fanya kwa namba kubwa.

Na hizo balbu za LED za kubadilisha? Sizipondi wala sizisifu. Kwenye taa kubwa za mbele huwa nazipinga kabisa, kwa sababu kioo na sahani ya taa vimechongwa kufuata mahali uzi wa balbu ulipo, na chipu ikikaa milimita chache pembeni mwanga unatawanyika. Taa ya rivasi haina uchaguzi mkali namna hiyo, kwa hiyo ukipata balbu inayomulika pande zote utaona nafuu kidogo. Kidogo, kwa sababu sahani yenyewe imetengenezwa kwa kazi ya maegesho. Usipandishe wati za balbu za uzi. Plastiki ya taa itaanza kutoboka kwa joto. Hapa ndipo pia inapoingia habari ya kompyuta: magari mengi ya siku hizi hupima umeme unaovutwa na balbu, na LED ikivuta kidogo, gari linadhani balbu imekufa na kukuonyesha onyo. Haliungui. Linalalamika tu. Dawa inayouzwa ni kipingamizi cha ohmu 6, ambacho kwa volti 13.5 kinageuza wati 30 kuwa joto tupu, na huwa cha moto kiasi cha kuyeyusha plastiki na kuunguza mkono. Unanunua taa inayookoa umeme halafu unafunga jiko pembeni yake. Kwako wewe sioni sababu. Acha balbu za asili mahali pake, safi na zenye ethi nzuri, gari liendelee kuona kile linachokitarajia, na taa zako mpya zisimame kwenye njia yao wenyewe.

Kuna jambo moja kwenye magari mapya ambalo litakushangaza usipoambiwa. Baadhi yao hawapeleki umeme mtulivu kwenye balbu. Huukata na kuurudisha mara nyingi kwa sekunde ili kudhibiti mwanga, na hata taa ikiwa imezimwa hupeleka mipigo mifupi ya kupima kama balbu ni nzima. Rilei ya kawaida ikipewa umeme wa namna hiyo hutetemeka na kulia kama nyuki, kisha vidole vyake vinaungua. Ukiusikia mlio huo usiendelee. Unahitaji moduli iliyotengenezwa kwa gari lako, au kuchukua ujumbe sehemu nyingine, kwa mfano kwenye waya wa rivasi wa soketi ya tela. Kwenye soketi ya pini 13 ni pini namba 8. Na ukishafunga, ujaribu na tela likiwa limeungwa pia.

Ombi lako la kuwasha taa bila rivasi lina mtego mmoja mkubwa. Watu huchukua swichi ya kawaida, wanaiunga upande mmoja kwenye umeme na upande wa pili kwenye ule ule mguu wa 86 ambao tayari umeungwa na waya wa rivasi. Taa zinawaka, wanafurahi. Lakini umeme ukishafika 86 hauna sababu ya kusimama hapo. Unarudi kinyume kwenye waya wa rivasi, unawasha taa za rivasi za asili, unafungua kamera, na kuiambia kompyuta kwamba gari liko kwenye rivasi huku wewe uko kwenye namba tatu. Gari nyingine huinamisha kioo cha pembeni, nyingine hugoma kufunga milango, na kwenye gari lenye kompyuta ya bodi unasukuma umeme ndani ya mlango wa kutokea.

Tumia swichi ya nafasi tatu, yenye miguu mitatu, ambayo katikati ni kuzima. Mguu wa kati uende 86. Mguu wa upande mmoja upokee waya wa rivasi, wa upande mwingine upokee umeme unaopatikana tu pale swichi ya gari ikiwa imewashwa, kupitia fyuzi ndogo ya ampea 1 au 2. Namna hiyo vyanzo viwili havikutani kamwe. Juu: taa zinafuata gia. Katikati: hazifanyi kazi kabisa, hali unayoihitaji ukiwa barabarani mjini. Chini: zinawaka kwa kambi. Nafasi ya chini iwe na kitaa cha onyo kwenye dashibodi kinachoonekana kweli, chekundu au cha rangi ya machungwa, kwa sababu ukiwa ndani huwezi kujua kuwa unampofusha anayekufuata. Na kambini kumbuka betri: ampea 5.3 kwa saa nne ni zaidi ya ampea-saa 21, kiasi cha kutosha kuifanya betri iliyochoka isigeuze injini asubuhi. Kwa kambi ndefu tafuta taa ndogo ya pembeni.

Sasa pa kufunga. Kuna wanaopenda juu ya keria na wanaopenda kwenye bampa, na kila mmoja ana haki upande wake. Taa ya juu humulika mbali na kuonyesha ndani ya mashimo, lakini bodi ya mizigo yenyewe inatupa kivuli kirefu nyuma ya gari, mahali hasa ambapo gurudumu lako litapita. Pia hufanya ardhi ionekane bapa. Taa ya chini hulaza vivuli: kila jiwe na kila ukingo wa mfereji unachorwa wazi, ingawa huwezi kujua mfereji una kina gani. Kwa mtu aliyekaribia kuingia korongoni, mimi nachagua chini, mbili, moja kila upande wa bampa, zimeingizwa ndani kiasi kwamba bampa likigonga ukingo taa isiwe ya kwanza kuguswa. Usizifunge nyuma ya mahali pa kuvutia kamba, na usitoboe chesisi. Toboa bampa au tengeneza kishikio, na tundu lipakwe rangi kabla ya boliti kuingia. Chagua taa za mwanga mpana. Yenye mwale mwembamba wa kwenda mbali haina kazi nyuma ya gari.

Kuzilenga nako kuna siri. Wengi huziinamisha sana zimulike ardhi mita mbili nyuma ya bampa. Panang'aa kama mchana, na kwa sababu hiyo jicho linajibana kwa ule mng'aro na kila kilichoko nyuma yake kinazidi kuwa giza. Kamera nayo inafanya vivyo hivyo: ikiona doa jeupe inapunguza mwanga wa picha nzima. Ndiyo maana taa kali iliyofungwa karibu na kamera huharibu picha badala ya kuisaidia. Taa isiingie kwenye uso wa kamera hata kidogo. Ikae pembeni au nyuma ya usawa wa lenzi yake. Ukipata michirizi inayotembea kwenye skrini, hiyo ni taa inayowaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni, na dawa yake ni taa bora, si kamera mpya.

Kipimo changu ni hiki. Taa ikiwa sentimita 80 kutoka chini, rudisha gari hadi mita 3 kutoka ukutani mahali tambarare. Kitovu cha mwanga kikae ukutani kwenye kimo cha sentimita 40, nusu ya kimo cha taa. Hapo kitovu kitaigusa ardhi mita 6 nyuma yako, na kwa kuwa mwale ni mpana, karibu na bampa utabaki na mwanga wa pembeni wa kutosha. Pima gari likiwa na mzigo wako wa kawaida, kwa sababu nyuma ikididimia taa zinainama.

Utaambiwa pia uchukue za njano kwa ajili ya vumbi. Chembe za vumbi na matone ya ukungu ni makubwa mno kiasi kwamba rangi ya mwanga haileti tofauti kubwa katika kupenya. Kinachosumbua ni mwanga kurudi machoni, na kinapungua taa zikiwa mbali na mstari wa macho yako, sababu nyingine ya kuzipenda za bampa. Weupe wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4000 hadi 5000 haulazimishi macho kama ule wenye ubuluu. Na kisheria taa ya rivasi ni nyeupe.

Sheria za nchi hutofautiana, lakini msingi wake unafanana. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unakataza gari kuonyesha taa nyeupe kuelekea nyuma, isipokuwa za rivasi na ile ya namba. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inataka taa ya rivasi iwake pale tu gia ya rivasi imeingia, na ikae kati ya milimita 250 na 1200 kutoka ardhini. Marekani ina kiwango chake chenye namba 108. Taa iliyoidhinishwa kuwa ya rivasi kwa kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na alama ya E ndani ya duara pamoja na herufi AR. Zako za mraba karibu hakika ni taa za kazi, hazina alama hiyo. Nakushauri uzichukulie hivyo: barabarani swichi ibaki katikati na balbu za asili zifanye kazi yake, porini uziwashe. Kama unataka ziwake na rivasi hata mjini, tafuta zenye AR, na kabla ya ukaguzi muulize mkaguzi wa magari wa kwenu jinsi taa za ziada zinavyotakiwa kuwa. Sehemu nyingine huzitaka zifunikwe barabarani.

Maji yatakusumbua kuliko unavyodhani. Alama ya IP67 ina maana taa ilikaa mita 1 chini ya maji kwa dakika 30 ikatoka kavu. Haina maana kwamba ilikuwa ya moto. Taa yako ikiwaka muda kisha ukarudi kwenye kijito, hewa ya ndani inapoa ghafla, inajikunja, na kuvuta maji kupitia mpira wowote uliochoka. Chagua taa yenye kipumulio, na uipe dakika chache ipoe kabla ya kuizamisha. Viungo vya waya ndivyo vinavyokufa kwanza. Usitumie vile vibanio vya plastiki vinavyokata ganda la waya na kung'ata shaba. Maji yanaingia kwenye jeraha hilo na kutambaa ndani ya ganda hadi mbali. Bana kwa koleo sahihi au piga solda, vika mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani, na plagi ziwe za kuzuia maji zenye mipira yake. Pitisha waya juu ya chesisi upande usio wa ekzosi, ndani ya bomba la mikunjo, ukiufunga kila sentimita 30, na kila unapopita kwenye tundu la chuma uvike kipete cha mpira.

Kama umewahi kufunga redio au taa za ukungu ukazimaliza bila moshi, kazi hii unaiweza kwa siku moja. Ila kuna mahali pa kuacha na kumwita fundi umeme wa magari aliye karibu nawe. Fyuzi ikikatika mara ya pili, usiweke ya tatu. Waya ukiwa wa moto kuushika, au ukinusa plastiki, toa hasi ya betri kwanza, maswali baadaye. Onyo likiwaka kwenye dashibodi na haliondoki ukizitenganisha taa mpya, au gia za otomatiki zikianza kusitasita baada ya kazi yako, mpelekee mwenye mashine ya kusoma makosa. Na gari likiwa bado kwenye dhamana, waulize waliokuuzia kabla ya kugusa wayaringi, kwa maandishi.

Ukishamaliza, mwache mtu awashe taa na wewe simama mita 10 nyuma ya gari, macho usawa wa dereva wa gari dogo. Kama huwezi kuvumilia kutazama, zishushe kidogo na upime tena. Kisha baada ya safari ya kwanza ya matope fungua kila plagi uliyoifunga, uangalie kama ndani ni pakavu.